Kipande cha Sauti ya Nyogokuru

Solange mwanangu,

Katika Gisenyi hii yote, kuanzia sokoni mpaka Rubona bandarini, hajazaliwa mwanaume wa kunishinda kwa mkono. Uliza watu. Wapakiaji wa kreti za bia, wale wenye shingo za ng'ombe, walikuwa wakijipanga kunisalimia ili wapime nguvu zao, na hakuna aliyeutoa mkono wake kabla sijamruhusu. Wavuvi walinipa jina la Koleo, nami nikalivaa kama kofia mpya.

Bon. Jina ni la kweli na wapakiaji ni wa kweli. Nguvu ndiyo haikuwepo. Nikimshika mtu mkono, vidole vyangu vinakataa kufunguka. Naviamuru, havisikii. Vinaachia kimoja kimoja, taratibu, kama watoto wanaoamshwa asubuhi ya mvua. Wakati huo mwenzangu anavuta, na mimi nacheka kwa sauti kubwa na kumwambia, "Vuta, mwanaume, vuta." Watu waliona nguvu, nami nikawaacha waone.

Wewe uko Goma unamuaga shangazi yako, na kabla mpaka haujafungwa utakuwa umerudi, donc nina mchana huu tu. Mama yako anakukaangia sambaza za safari, vidagaa vya ziwa letu. Mimi nimeketi kwenye meza yangu ya redio mbovu, nimesukuma mabisibisi pembeni, naandika na huku natazama njia. Habari za sweta na chakula sitaziandika. Mama yako amezisema mpaka sanduku lenyewe limezikariri. Naandika Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu kiliishia darasa la sita, na Kinyarwanda changu cha kwenye karatasi mnakicheka. Tena jambo lenyewe lilisemwa kwa Kiswahili, na nyogokuru, mama yangu mimi, ambaye hukumjua.

Unakumbuka ile Jumapili ya maharage? Ulikuwa umepata barua ya kukubaliwa Ubelgiji, mimi nikakuuliza kwa dharau yangu ya kawaida utakwenda kufanya nini huko, kuosha vichupa? Ukachukua maharage mabichi ya mama yako ukayapanga juu ya meza.

"Papa, angalia," ulisema. "Hapa ndani ya kiini cha seli iko kitabu kikubwa. Hakitokake. Kinachotoka ni nakala, njo hiyo tunaita RNA. Lakini nakala ikiandikwa tu iko murefu sana, na vipande vingi havina kazi. Sasa iko maprotini zenye kuishika. Zingine zinaonesha: hapa mukate, hapa muunge. Zingine zinaisindikiza: hii ipelekwe kule mbali, pembeni kabisa ya seli, njo watu wa huko waitumikishe."

"Hiyo ni kazi yangu ya zamani ya kaseti," nikasema.

"Ni kazi yako ya kaseti, Papa. Njo maana niliipenda."

Siku hiyo ningeweza kufa nimeshiba. Mtoto wa chuo kikuu ananiambia kwamba ndani ya kila seli ya kila mtu kuna fundi kama mimi, tena wengi. Lakini hukunyamaza. Ulikuwa na furaha, na wewe ukiwa na furaha unaongea kama bomba lililopasuka. Ukasema kuna ugonjwa ambao ndani ya nakala moja neno fulani limerudiwa na kurudiwa, mara mamia, kama kaseti iliyokwama. Nakala hiyo haitoki kiinini. Inabaki pale imejikunja, na zile protini za kukata na kuunga zinaishika, zinanasa, hazitoki tena. Zikinasa huko, nakala nyingine zinakosa fundi. Za misuli na za moyo zinakatwa ovyo, zinatoka kama za mtoto aliye bado tumboni, na zile zilizotakiwa kusindikizwa mbali hazifiki vizuri. Mtu mzima anapata msuli wenye mlango wa kitoto, msuli usiojua kutulia.

"Basi mugonjwa anashika kitu, anashindwa kukiachia," ukasema. Ukanyanyua mikono yako, ukakunja ngumi, ukatoa macho, ukaigiza mtu anayehangaika kuifungua. Mama yako akacheka. Halafu akanitazama. Halafu akaacha kucheka.

Mimi mkono wangu ulikuwa tayari chini ya meza.

Hukuuona. Usijilaumu hata kidogo. Mtoto hawezi kuona kitu ambacho kwake kimekuwa mchezo tangu akiwa na meno mawili. Kumbuka Kaa wa Rubona. Nilikuwa nakushika mkono mdogo huo, nakwambia kaa amekukamata na haachii mpaka uhesabu saba, nawe ukahesabu, na kila mara kwenye saba, au karibu na saba, kaa alifungua. Wewe ulijifunza namba kwenye ugonjwa wangu. Upara wangu wa mbele nilikwambia ni akili inasukuma nywele. Mtoto wa jicho aliyenianza kabla sijafika miaka arobaini, nilisema ni vumbi la volkano. Nikisinzia kwenye mkutano wa kijiji baada ya kazi ya pamoja ya umuganda, kiongozi anazungumza na mimi nakoroma, niliwaambia watu kwamba nakubaliana naye kwa macho yaliyofungwa. Kila dalili niliifanyia kichekesho chake. Ningekuwa na bidii hiyo shuleni leo ningekuwa waziri.

Kuhusu kaseti wewe unajua upande wa kuchekesha tu. Nitakusimulia upande wa pili.

Siku zile simu hazikuwa mikononi mwa watu, na wengi kalamu hawakuizoea. Ndugu wa mtu yuko Goma, yuko Sake, yuko Bukavu. Basi mtu anakuja kwenye kibanda changu, namkalisha kwenye kigoda, nabonyeza kitufe, anaongea na ndugu yake kana kwamba yuko mbele yake. Akishaondoka, mimi nabaki kusafisha. Kwa wembe na utepe wa gundi nilitoa kikohozi, nilitoa jogoo wa jirani, nilitoa pale mtu aliposahau anachosema akabaki kuguna. Mkanda ulikuwa mfupi na habari zilikuwa ndefu, lazima kitu kitoke. Kaseti ikiwa tayari, mama mmoja wa Cyanzarwe aliyekuwa akivuka kila siku na majani ya sombe aliibeba chini ya majani hayo mpaka kwa mwenyewe. Haikuchezwa njiani hata mara moja. Nilimchokoza siku moja, "Mama, haujawai kujaribu kusikiliza ata kidogo?" Akanijibu bila kugeuka, "Kaseti ya mutu ni sawa mimba ya mutu. Mi nabeba tu."

Ungemchukua yule Ubelgiji angewafundisha wenzako kitu.

Tatizo lilikuwa mimi wa wembe. Mteja mmoja alimrekodia wifi yake maneno makali, maneno ya kuvunja sahani. Mi nikayatoa yote, nikaacha salamu mwanzoni na "ninakukumbuka" mwishoni, nikaviunga. Wifi yake alilia akaleta jogoo mzima kama zawadi. Hakuna aliyejua. Mkanda ule ule, mdomo ule ule, na mimi nimetoa ujumbe mwingine kabisa. Hapo ndipo kichwa changu kiliharibika. Nilianza kuamini kwamba kukata ni wema, na kwamba mimi najua kuliko wenyewe nini kinawafaa kusikia.

Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba kaseti ya nyogokuru ilipofika kutoka Goma. Juu yake mtu alikuwa amemwandikia: musikilize wote pamoja. Mimi, kama kawaida, nikaisikiliza kwanza peke yangu, kusafisha. Salamu, salamu, habari za mbuzi, na katikati, sauti ikashuka. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana mwezi huu nimeisikia mara nyingi kuliko sala:

"Mwana yangu, ule mukono wako wenye kukatala kufunguka, usiuchekelee. Ni mukono wa baba yangu. Ni mukono yangu pia, umenianza juzi juzi na uzee. Muyomba wako njo ulimushika mapema kuliko sisi, na hakukufa na sumu vile watu walisema. Moyo ulisimama tu, anatembea, anaanguka. Hii kitu inatembea ndani ya damu yetu, na kila mara inafika mapema zaidi. Ambia bibi yako mwenye mimba. Muende kwa munganga na yeye ajue, njo mutoto akizaliwa mumuangalie. Usimufiche. Mimi walinificha."

Angalia, mwanangu. Mama asiyejua kusoma, kwenye kigoda cha jirani, alisema yote uliyoyapanga kwenye maharage. Alikosa jina tu.

Nilishika wembe. Karibu mita sita za mkanda. Niliuzungusha kwenye kalamu ya Bic, nikauweka ndani ya kopo la majani ya chai, nikaunga pale palipobaki. Niliunga vizuri, Mungu anisamehe, niliunga kuliko siku zote: nyogokuru alitoka kwenye mbuzi moja kwa moja mpaka "mutoto akizaliwa mumupe jina ya muzuri." Jioni nikamchezea mama yako. Alilia kwa furaha, akashika tumbo.

Nilijiambia namlinda mwenye mimba. Miaka imepita, siwezi tena kuisema hiyo bila kujicheka. Nilikuwa namlinda Koleo. Sikutaka kuwa mtu wa ugonjwa wa ukoo, nilitaka wapakiaji waendelee kujipanga.

Nyogokuru alipovuka kuja kumtazama mama yako, aliniita pembeni. "Mulisikia?" Nikasema, "Tulisikia, Mama." "Na bibi yako alisema nini?" "Alisema aksanti." Akatikisa kichwa, akatua kama mtu aliyeshushiwa ndoo. Alikufa wewe hujafikisha miezi mitatu, nami nilikuwa nimemshika mkono, na alipokwisha, mikono yetu yote miwili haikuachia. Jirani alitutenganisha kidole kwa kidole akidhani ni majonzi. Yalikuwepo majonzi pia.

Baada ya Jumapili ile ya maharage nilikwambia naenda Kigali kutafuta kipuri cha redio. Nilikwenda kwa daktari. Alinigonga chini ya kidole gumba kwa nyundo ndogo, kidole kikainama ndani ya kiganja kikabaki pale kikinitazama. Alinibandika nyaya kifuani. Damu ikapelekwa, jibu likarudi, na ni ule ule ugonjwa uliouigiza. Moyo wangu unapokea ujumbe kwa kuchelewa kidogo. Ataupima kila baada ya miezi sita. Halafu akauliza, "Mzee, una watoto?" Nikasema, mmoja. Akasema, "Anajua?" Mi nikatazama dirisha. Lilikuwa dirisha la kawaida tu.

Nusu kwa nusu, Solange. Ndivyo alivyosema, ndivyo na wewe ulivyosema ukiwa na harage mkononi: mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa, kama kurusha sarafu. Na kila kizazi lile neno linaweza kurefuka. Na ukasema, wala hukujua unamwambia nani, kwamba mama akiwa nao, mtoto wake anaweza kuzaliwa ukiwa umeshamkamata tangu tumboni. Tangu siku hiyo mimi nakupeleleza nyumbani kwangu mwenyewe. Natazama unavyoweka kijiko. Natazama unavyofungua chupa. Wiki iliyopita ulishika mpini wa birika ukabaki nao, mama yako anakuongelesha, birika liko hewani. Ulikuwa unafikiri? Au mkono ndio uliokuwa unafikiri? Nilitaka kukuuliza, nikafanya kichekesho kuhusu chai. Mwoga ni mwoga.

Sasa naogopa zaidi, na kinachonitisha ni kidogo. Kesho kutwa utakuwa katikati ya watu ambao kazi yao ni kujua kutazama. Mmoja atakusalimia, atashika mkono wako, atatazama kidole gumba. Utajua kwa mgeni. Halafu usiku wake utakumbuka meza, na mkono wa baba yako chini ya meza. Hilo ndilo linanifanya niandike haraka hivi, na maandishi yamelala kama majani baada ya mvua.

Mama yako nilimwambia leo, ulipoondoka. Nilisimama mlangoni pa jikoni. Nikamweleza wembe, nikamweleza kopo. Aligeuza sambaza, akageuza tena.

"Mukono nilijua," akasema. "Siku ya arusi tulikata keki, kisu kikabakia kwako, padri anangoya. Asubui ngapi nakufungulia vidole ukiwa ungali unalala? Lakini ile maneno ya Mama..." Mafuta yakaanza kutoa moshi. "Alinipa ujumbe, we ukaukula."

"Niliukula."

"Sikusameeye leo. Leo niko na kazi. Mutoto anasafiri." Akaondoa karai motoni. "Ukimaliza kuandika ulete nisome. Na hakuna kukata."

Donc ameisoma mpaka hapa. Pale palipo na alama ya mafuta ni kidole chake.

Wewe najua utauliza, Papa, sasa unataka nifanye nini? Sitaki kitu. Nilishakuamulia mara moja ukiwa tumboni, na matokeo unayaona. Kupima au kutopima ni kwako, kujua mapema au kuchelewa ni kwako, na sitakuuliza kwenye simu. Kukitokea habari, utaniambia ukipenda, kwa urefu unaoupenda. Nakuomba mawili tu, na hata haya ni ya daktari, mimi nabeba kama mama wa Cyanzarwe: siku yoyote wakitaka kukulaza kwa operesheni, hata ya jino, uwaambie kwanza habari ya ukoo wetu, kwa sababu dawa za usingizi na watu wa mkono huu hawapatani. Na moyo wako usikilizwe na mtu anayejua anachotafuta. Hayo mawili hayasubiri uamuzi wako wa mengine.

Kaseti iko ndani ya sanduku, kwenye soksi ya kijivu. Nimeurudisha mkanda mahali pake. Ilinichukua siku tatu, kwa vidole hivi. Najua huko hakuna mashine ya kuichezea, kwa hiyo sauti nimeinasa pia leo kwenye simu ya mama yako, atakutumia. Utasikia "tik" ndogo baada ya mbuzi, halafu nyogokuru, sauti inayumba kidogo kwa sababu mkanda ulikaa umekunjwa miaka yote hiyo, halafu "tik" nyingine kabla ya jina la muzuri. Ningeweza kuzifuta hizo tik. Mimi ni fundi. Nimeziacha.

Ukikasirika, kasirika. Usinifanyie adabu. Ulivyokuwa mdogo ulikuwa unaning'ata. Hata hiyo naikubali, ila meno yako ya sasa yametugharimu.

Nasikia watu wa bariyeri ya mpakani wameanza kupanda juu, mama wa nyanya ameshapita na beseni tupu. Uko karibu. Bado jambo moja, na hili ni haki yangu, usilikwepe.

Jumamosi iliyopita nilikushinda bao letu la igisoro. Tulikubaliana aliyeshindwa atamsalimia mshindi kila asubuhi siku saba, kwa mikono miwili, na kusema "Mwaramutse, Papa mushindi." Umelipa siku sita. Leo ya saba uliondoka alfajiri kuwahi mstari wa mpaka, ukadhani nimesahau. Ni kweli kwamba nilishinda kwa kete mbili ambazo vidole vyangu havikuziachia kwa wakati, na sijui kama hiyo ni wizi au ugonjwa, wewe ndiye msomi. Lakini makubaliano ni makubaliano.

Basi kesho asubuhi, kwenye gare, kabla gari ya Kigali haijaondoka, nisalimie siku ya saba. Nikisema sitatazama kidole chako gumba nitakuwa nimerudia uongo, na karatasi imeisha. Nitatazama. Wewe unaweza kunibana, unaweza kunigusa tu kama unavyomgusa mgeni, nitaelewa vyote viwili. Ninachokudai ni kidogo kuliko hicho. Watu wote maisha yangu yote wameuvuta mkono wao. Kesho vidole vyangu vikikataa, mbele za watu, dereva akipiga honi, we usivute. Simama hapo, mwanangu, na uhesabu mpaka saba.

Papa yako